Kiingereza cha Nyuma ya Pazia

Jumatatu, 3 Februari 2025

Nina hasira na sina pa kuziweka. Nitaziweka humu.

Leo baada ya alasiri Ami Idarus alikuja kwetu kwa juu, kwenye wikio, lile daraja la ghorofani, bila hata kukanyaga ujia. Nyumba yake na yetu zimeunganishwa hivyo tangu enzi za mababu, kwa hiyo hapigi hodi. Anatokea tu. Akaketi kwenye kiti cha marehemu baba, nduguye. Mama akamtolea kahawa. Mimi na binti yake, Ibtihal, tukaitwa, tukasimama mbele yake kama mbuzi wa mnada.

Karatasi zetu za matokeo ya kidato cha nne zilikuwa mezani. Kiingereza: C na C. Mimi niliangushwa na insha, Ibtihal aliangushwa na sarufi, lakini karatasi haisemi hayo. Inasema C na C, kana kwamba sisi ni pacha!

Hukumu ni hii. Chuo cha uuguzi kule Mombasa kina mtihani wake wa kuingilia, na nusu yake ni sarufi ya Kiingereza. Shangazi wa Mombasa ana kitanda kimoja. Binti wa nyumba hii halali hosteli. Basi ataenda mmoja. Ami ametafuta mwalimu atufunze sote wawili, na kabla ya Ramadhani kuingia mwalimu huyo atasema ni nani anayeweza.

"Mie siingii kati," Ami akasema. "Musiye mukasema nimependelea wangu."

Na atakayebaki? Mama ndiye aliyeuliza, mimi nisingeweza. Ami akatazama dari, akatabasamu. Juu ya dari fundi Barka anapiga nyundo tangu mwezi jana. Huko ndiko inakojengwa ghorofa ya binti atakayeolewa, kama ilivyo desturi. Watu wa kina Hamdun wameleta posa. Wanataka binti wa nyumba yetu, hawakusema yupi. Wamewaachia wakubwa wachague!

Mimi nataka kuwa muuguzi. Baba alipolazwa, wodi nzima ilikuwa na muuguzi mmoja tu aliyesema nasi kama watu. Nataka wawe wawili. Sikulisema hilo leo. Nilisema, "Naam, Ami."

Jumatano, 5 Februari

Mwalimu amekuja. Anaitwa Mugambi, mtu wa Meru, amehamishiwa huku mwaka huu tu, huja na kurudi kwa boti, hatujui wala hatumjui. Anajifuta jasho kila baada ya sentensi. Nalisikia hilo, silioni. Kwa sababu kuna pazia!

Miaka minne nimekaa darasani na wavulana, nikafundishwa na wanaume, hapana aliyekufa. Lakini ile ilikuwa shule, Ami anasema, na hii ni nyumba, na sisi sasa ni wanawali wenye posa mlangoni. Kwa hiyo mwalimu anaketi dakani, kwenye baraza ya mawe, na sisi tuko ndani ya mlango, nyuma ya kitambaa cha kijani. Mama yuko jikoni, masikio yake yako kwetu.

"Wasichana, mko hapo," mwalimu akauliza, "ama naongea na nguo?"

Ibtihal akacheka kwa sauti. Ibtihal hufanya kila kitu kwa sauti. Hata kunywa maji.

Tulianza na vihusishi. Mwalimu anasema sentensi, anaacha pengo, sisi tujaze. Kila kitu kwa mdomo, kwa sababu mashine ya nakala ya shuleni kwao imeharibika na yeye hataki kubeba makaratasi juani. Pengo la kwanza nililijua kabla hajamaliza sentensi. Nikafungua mdomo — na nikaona macho ya mama mlangoni pa jikoni, yale anayonitolea nikicheka mbele ya wageni. Tangu utotoni naambiwa sauti ya binti isivuke mlango. Nikaufunga mdomo. Nikamnong'oneza Ibtihal. Ibtihal akalitangaza.

"Vizuri! Na wewe ni nani?"

"Ibtihal, mwalimu."

Likaja lingine, tukafanya vivyo hivyo. Na lingine. Mwishowe Ibtihal alikuwa ananisogezea sikio kabla swali halijakwisha. Na mimi nikamshukuru! Hilo ndilo linaloniudhi sasa. Nilimshukuru kabisa, kwa dhati, kwa kuniazima mdomo.

Ijumaa, 7 Februari

Nyundo. Punda waliobeba mawe wamesimama ujiani tangu asubuhi, na mmoja ameacha alama yake mlangoni petu. Nakariri vitenzi vya Kizungu visivyofuata kanuni — Barka anapiga. Narudia — anapiga. Vumbi la chokaa linaanguka kitabuni.

Mama anasema nishukuru. Ghorofa ni sitara ya mwanamke. Mume akikuacha, nyumba inabaki yako, ataondoka yeye na sanduku lake. Ni kweli. Najua ni kweli. Nachukia kila jiwe.

Jumatatu, 10 Februari

Leo nyakati. Yaliyokwisha, yaliyokuwa yakiendelea, yaliyokwisha kabla ya mengine kwisha. Wazungu wana wakati kwa kila kitu! Lakini mimi navipenda hivi vitu, sijui kwa nini. Vinakaa mahali pake. Havikupi jicho.

Nilinong'ona, Ibtihal akatangaza. Nilinong'ona, akatangaza. Anatangaza vizuri, sitamnyima haki. Anaweka na madoido. Hata nikimpa neno moja tu, analirefusha kama muadhini.

"Kwani yule mwingine bado analala?" mwalimu akauliza.

"Yupo, mwalimu. Ana haya."

"Haya haipasi mtihani."

Wakacheka wote wawili. Mimi nimekaa katikati ya kicheko chao, majibu yote yametoka kwangu.

Wakati wa kuondoka mwalimu alimkuta Ami ujiani. Nilisikia kila neno. "Huyu Ibtihal wako, mzee, ana kichwa. Kama wangu wa darasani wangekuwa hivi ningelala usingizi." Ami akasema alhamdulillahi. Kuhusu mimi mwalimu hakusema kitu. Ungesemaje juu ya kitu ambacho hukukisikia?

Usiku mama ananisuka, amefurahi. Eti mwanamume mgeni amekuja hadi mlangoni siku zote hizi na hajui sauti yangu ikoje. Anasema kina Hamdun watalisikia hilo. Alinibusu utosini, kana kwamba nimekwisha kupasi.

Jumatano, 12 Februari

Baada ya somo nilimfuata Ibtihal kwenye wikio. Mahali pazuri pa kugombana, kwani pana kiza na watu hupita chini hawajui kuna nani juu yao. Nilijiandaa tangu asubuhi. Nikamwambia: mwambie mwalimu majibu ni yangu.

Akanitazama kama nimemwomba figo.

"Kwani nani amekufunga mdomo? Si useme?"

"Siwezi. Wajua siwezi."

"Basi! Ukishindwa kusema mbele ya nguo ya kijani, utasema vipi na mgonjwa? Utainong'onezea sindano?"

La kumjibu lilikuja nikiwa nimelala, kama kawaida yangu, na hata hilo halikuwa zuri.

Namchukia. Angekuwa mwongo ningemsamehe.

Alhamisi, 13 Februari

Nimepata wazo, na wazo limeniletea aibu.

Adhuhuri mafundi waliposhuka kuswali, nilipanda kwenye ile ghorofa mpya. Haina paa bado. Kuta nne, mifuko ya simiti, anga. Nikasimama kuukabili ukuta, nikamfanya ukuta ni mwalimu. Nikasema sentensi kwa Kiingereza. Kwanza kwa sauti yangu. Kisha juu kidogo. Kisha juu zaidi! Sikuamini. Ilirudi kwangu kutoka ukutani, nene, kama ya mtu mwenye mwili. Nikaendelea. Maswali yenye vimkia nyuma, yote, moja baada ya jingine: she can, can't she? They will, won't they? Nilicheka peke yangu.

Bi Hindu wa nyumba ya nyuma alikuwa juu ya paa lake anaanika nguo. Alasiri alikuwa kwetu na kanga yake kichwani. "Bi Shifaa, mwanao yu mzima? Nimemsikia yuu kule, asema na majini, kwa Kizungu."

Mama hakunipiga. Afadhali angenipiga. Alisema, "Yuu ya nyumba! Nti nzima yakusikia!" kisha akakaa kimya hadi isha.

Jumatatu, 17 Februari

Leo nimegoma.

Mwalimu alianza na sentensi za masharti. Kama ningalijua, ningalikuja. Ibtihal akaleta sikio. Nikatazama mbele. Akanigusa kwa goti. Nikatazama mbele. Akanifinya! Hapa juu ya mkono pana alama naiona nikiandika.

Pengo likakaa. Nyuma ya pazia mwalimu akangoja. Punda akapita.

"Ibtihal?"

Akabahatisha. Kosa. Akabahatisha tena. Kosa! Oh, nilikuwa na furaha mbaya, tamu, kama kula sukari kwa kijiko. Sasa atajua, nilifikiri. Ana masikio, amesomea ualimu, atajua.

Unajua alisema nini? "Pole, Ibtihal. Joto la leo hata mimi limenimaliza. Tupumzike." Akafunga kitabu. Akaenda zake.

Akipata, ni kichwa chake. Akikosa, ni joto!

Jumatano, 19 Februari

Sijui kama niandike ya leo. Nitaandika.

Kugoma hakukufaa, basi leo nilinong'ona tena. Ila nilimpa makosa. Yote. Somo lilikuwa kauli ya kutendwa, ambayo mimi naijua hata usingizini, na kila jibu nililipinda kidogo tu, liwe na sura ya kweli. Ibtihal hana habari. Akapokea, akatangaza kwa madoido yake yote.

"Ibtihal, leo kichwa umekiacha wapi?"

Akaniangalia. Nikamwonyesha uso wa mtu anayesali. Akatangaza lingine. Kosa. Lingine. Kosa! Mara ya mwisho sauti yake ilitetemeka, nami sikumhurumia.

Halafu mwalimu akasema polepole. "Nasikia mnanong'onezana huko. Nimesikia tangu siku ya kwanza, nikaachilia. Ni huyo mwingine anakupoteza, sindiyo? Wewe mwingine. Unaitwa nani?"

Nikafungua mdomo.

"Umulkheir, mwalimu," Ibtihal akasema. Hata jina langu kalisema yeye!

"Umulkheir, kama hutaki kusoma, mwache mwenzako asome. Kuanzia leo kaa mbali na yeye."

Wiki mbili nzima anasikia mnong'ono, na hajajiuliza hata mara moja unatoka kwa nani kwenda kwa nani. Mwalimu mzima!

Akamweleza Ami mlangoni. Ami akapanda kwake, akavuka wikio, akaja kusimama mbele yangu. Hakupaza sauti. "Husuda, Umulkheir? Na mwenzio, wa damu moja?" Mama alikuwa anachuja tui, hakugeuka.

Nilitaka kumwangusha Ibtihal. Nimejiangusha mwenyewe, kwa mikono miwili, na kwa ustadi.

Jumamosi, 22 Februari

Kina Hamdun wameleta sahani za halua. Mamake Hamdun aliniomba nimpe maji, akanitazama nikitembea kwenda na kurudi. Nilijua ananitazama. Nikamwaga kidogo. Akasema, "Ana haya, mashallah." Neno lile lile! Kwa mwalimu ni ugonjwa, kwa huyu ni mahari.

Hamdun simchukii. Ana duka la simu pale mbele, namuona akifungua asubuhi, hana ubaya wowote. Ndiyo maana hata sababu ya kumkataa sina. Angekuwa na kilema ningekishika.

Jumatatu, 24 Februari

Hakukuwa na somo. Ibtihal "anaumwa kichwa." Bila shaka anaumwa. Nikikaa mbali naye kichwa chake kimebaki kwangu.

Jioni akaja kwa wikio na kipande cha ile halua ndani ya karatasi. Akaketi kitandani kwangu bila kuambiwa. Akawa anachezea pindo la shuka.

"Baba amemwambia mwalimu aje Alhamisi. Amalize kazi. Atauliza maswali, atasema jina."

"Najua."

"Nitamwambia akuache ukae karibu. Nitasema wanishikia kitabu."

Nikacheka. Sikukusudia. Kicheko kilitoka tu, kibaya.

"Umu, sikiliza. Mie hata uuguzi siutaki. Nikiona damu ya kuku naanguka, wajua. Nataka kutoka tu. Nikifika Mombasa nitatafuta kitu kingine, chochote. Nikibaki hapa n'takuwa wa Hamdun, na ghorofa ile, na mama yake yule akihesabu chumvi yangu. Weye wapenda kukaa kimya. Kukaa hapa hakukuumizi."

Hakukuumizi!

Nikamwambia: unataka kunichukulia chuo ambacho hata hukitaki. Akasema ndiyo. Hivyo hivyo, bila haya. Akasema mimi ningefanya vilevile kama ningekuwa na sauti. Nikamwambia achukue halua yake. Hakuichukua. Iko hapa kwenye dirisha, sisimizi wameianza, sitaigusa.

Lililo baya ni kwamba alilia akiwa kwenye wikio, nikamsikia. Nilitaka kumsikia akilia tangu tarehe tano. Sikufurahi nilivyofikiri nitafurahi. Hata hilo kaniharibia.

Jumatano, 26 Februari

Nimemwambia mama kila kitu.

Alikuwa anachambua mchele. Nilisema nikiwa nyuma yake, ili nisimwone uso. Nikaanza na somo la kwanza hadi lile la makosa. Sikuficha hata makosa. Nilipomaliza aliendelea kuchambua. Nikadhani hakusikia.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Jikoni si mbali. Kwanza wasikika weye, ss-ss-ss, kisha asikika yeye. Kingereza sikijui, lakini nani atangulia na nani afuata, hilo najua."

"Na mbona hukusema?"

"Na weye mbona hukusema?"

Hapo nikakasirika, wallahi nilikasirika na mama yangu mzazi. Nikamwambia: wewe ndiye uliyenifunza! Akaweka ungo chini. Akasema polepole, kama mtu anayehesabu hatua gizani, kwamba tangu baba afariki paa hili ni la Ami Idarus, mchele huu ni wa Ami Idarus, na hata hiyo ghorofa inayojengwa, iwe yangu au isiwe, ni mawe ya Ami Idarus. Nilitaka afanye nini? Aende akamwambie shemeji yake kwamba binti yake ni mwizi?

"Si mwizi," nikasema. Sijui kwa nini nilimtetea. "Mimi ndiye niliyempa."

"Basi," mama akasema.

Akarudi kwenye mchele. Baadaye sana, nikiwa nimekwisha kupanda, akaniita kutoka chini, akaniuliza kama kesho nitavaa buibui jipya au lile la zamani. Nimeshindwa kuelewa alikuwa ananiuliza nini.

Alhamisi, 27 Februari

Naandika haraka, wako chini, bado hakujaisha.

Mwalimu amekuja baada ya alasiri. Harufu ya vyakula kila nyumba, watu wanavunja jungu kabla ya mfungo. Ami aliketi naye dakani ubavu kwa ubavu, mara ya kwanza kuketi hapo somo likiendelea. Mama aliwapa kahawa na kaimati kisha akasimama mlango wa jikoni. Mimi nimeruhusiwa kukaa karibu. Nashika kitabu! Ibtihal amepaka wanja. Kwa ajili ya pazia!

Mwalimu akasema atauliza sehemu mbili, katikati wapumzike, halafu atasema jina ili mzee huyu aweze kupiga simu Mombasa leo leo.

Swali la kwanza. Ibtihal akaleta sikio. Sikulitia kitu. Akajibu mwenyewe, akakosa. Mwalimu akaguna.

Swali la pili.

Nilitazama kile kitambaa. Nikakifanya ukuta. Nikasikia nyundo kichwani ingawa Barka yuko mapumziko. Nikafungua mdomo, na sauti ikatoka. Si nzuri. Imekwaruza, imepanda juu halafu ikashuka. Lakini imevuka! Nililisikia jibu langu likigonga ukuta wa nyumba ya pili. Jibu zima, sawasawa, kwa Kiingereza, mimi.

Hata kijiko hakikulia.

"Vizuri sana, Ibtihal," mwalimu akasema. "Hata kimkia umeweka. Lakini sauti imekuwaje? Uko na homa?"

Sikuogopa. Naapa wakati huo sikuogopa, kwa sababu Ami yupo. Ami Idarus amenijua tangu siku ya kuzaliwa. Ananijua hata kwa chafya. Yeye na binti yake wanaishi chumba kwa chumba. Upepo ulisogeza pazia kidogo, nikauona mkono wake na kikombe, kimesimama kati ya kisahani na mdomo. Nikangoja aseme. Angehitaji kusema neno moja tu.

"Ana mafua," Ami akasema. "Tangu yuzi."

Na Ibtihal — Ibtihal akakohoa.

Alikohoa! Mkono mdomoni, kwa adabu, mara mbili. Hakuniangalia. Machozi yalikuwa yanaharibu wanja lakini alikohoa.

Swali lililofuata sikulisikia. Mama aliita kutoka nyuma, "Umulkheir, ndoo hapa uteke mai." Maji yamejaa hadi shingoni mwa mtungi, nimeyateka mwenyewe asubuhi. Nilipofika kwake hakunipa ndoo. Alinishika uso kwa mikono yake yote miwili, mikono ina unga, akanitazama. Hakusema "nyamaza." Nilingoja aseme. Hakusema "rudi" pia. Akaniachia. Nikapanda huku.

Uso wangu una unga bado.

Sasa wamemaliza kahawa. Nasikia kila kitu kupitia uwazi wa kiwanda, ule ua wa katikati ya nyumba. Mwalimu anasema haya, sehemu ya mwisho, Ibtihal, hapa ndipo wengi huanguka. Anasoma sentensi. Ndefu, ya masharti, ile aina ya mambo ambayo hayakuwa na hayatakuwa tena. Anaacha pengo.

Kimya.

Anairudia.

Nasikia nyayo ngazini. Hawezi kuwa mama, mama hapandi mbio.

Ni Ibtihal. Amesimama mlangoni pa chumba changu, viatu mkononi. Naandika ili nisimtazame. Ananiita, "Umu." Kwa mnong'ono. Hata sikujua kama anaweza kunong'ona. "Umu, nimewaambia nimekuja kutwaa dawa. Umu, tafadhali."

Chini Ami anamwambia mwalimu avute subira, mtoto anaumwa. Mwalimu anasema sawa, lakini boti ya mwisho haimngoji mtu, atauliza mara moja tu tena. Anaisoma sentensi polepole, kwa sauti, kwa nyumba nzima. Dirisha linalotazama kiwanda liko wazi mbele yangu. Kutoka hapa wangenisikia wote, hadi kwa Bi Hindu.

Jibu nalijua. Ibtihal hasemi tena. Amekuja karibu, ananitazama mdomo.